Harufu Isiyokuwa ya Mti

Pauline Nabwile alikuwa mwalimu wa kemia Kiminini, na majirani walidhani amepungukiwa na kitu. Kila Jumamosi, wenzake wakienda sokoni, yeye alipanda Mlima Elgon kufunga matawi ya miti kwa mifuko ya plastiki.

Alichokitafuta hakionekani. Miti hutoa hewani hidrokaboni, yaani mvuke wa kaboni na hidrojeni, hasa jua likiwaka. Zikichangamana na moshi wa magari kwenye jua, husaidia kuzalisha ozoni, gesi inayodhuru mapafu; nyingine huishia kuwa ule utusitusi wa buluu mlimani ambao watu wa Kitale huwasingizia wachoma makaa. Nabwile alitaka kujua kila mti unatoa nini. Kiptum, mlinzi wa msitu, alimshikia tawi. Yeye alifunga mfuko, akavuta hewa kwa pampu ya mkono hadi ndani ya kijibomba, kisha kikapelekwa Nairobi kupimwa.

Mwaka 2007, majibu ya mzeituni mwitu mmoja yalimwinua kitini Daktari Kagwe, mhadhiri aliyempimia. Mti ule ulionekana kutoa kwa wingi ajabu kitu chenye harufu ya mkaratusi. Akamwahidi Nabwile nafasi ya shahada ya uzamili, nafasi aliyoililia miaka mingi.

Akakimbia Tongaren kumwambia mamake. Mama akamkumbatia huku akilia kwa furaha, shingo inanukia ile dawa ya mafua anayompaka kila anayepiga chafya. Nabwile akainusa tena: mkaratusi. Siku ya mzeituni alikuwa na mafua, na mama alikuwa amempaka mpaka kitambaa chake cha shingo kikajaa dawa. Kamba ilipokatika msituni, alifunga mdomo wa mfuko kwa kitambaa hichohicho, na pua iliyoziba haikumwonya.

"Si unyamaze tu? Nani atajua?" mamake akamsihi.

"Watu watasoma, Mama. Watafundisha wengine uongo wangu."

Wengi wetu tungemeza mate tukanyamaza. Yeye alimpigia Kagwe simu asubuhi. Mhadhiri alimshukuru kwa sauti iliyopoa, na mwaka huo nafasi ikaenda kwa mwingine. Nabwile alilia wiki nzima, na Jumamosi akapanda mlima.

"Lete mikono, madam," Kiptum, aliyekwisha kusikia kisa cha dawa, akamwambia langoni mwa msitu, akainusa kama anayekagua maziwa. "Iko sawa. Twende tuulize mti tena."

Safari hii majibu yalikuja madogo, lakini yalikuwa ya mti wenyewe. Aliyapokea kutoka kwa Kagwe kwa fahari.

Ijumaa moja baadaye alienda kulala Tongaren. Mamake alikuwa na mafua, shingo inang'aa dawa. Nabwile alipomnyooshea mikono amkumbatie, mama akarudi nyuma hadi mlango wa jikoni.

"Simama hapo hapo! Usinikaribie," akasema, mikono ameificha mgongoni. "Si kesho unaenda kwa miti?"