Marehemu, Mlinzi na Ekzosti ya Al Warqa

Habari ya msiba ilinifikia kwenye kundi la WhatsApp la watu wetu wa huku Dubai, katikati ya tangazo la mtu anayetafuta wa kushirikiana naye chumba Deira na picha za keki ya harusi. Fundi wetu amefariki, moyo umemsimama asubuhi akijiandaa kwenda gereji, maziko ni leo baada ya Alasiri. Msomaji ambaye hajawahi kuishi huku atashangaa nikisema "fundi wetu", kana kwamba alikuwa mali ya umma. Alikuwa hivyo hasa. Mtu wa Unguja, alifika mji huu kabla ya wengi wetu kujua uko upande gani wa ramani, akafanya kazi gereji mpaka wenye gereji wenyewe wakawa wanamwita ustadhi. Mgeni akitua kutoka Mombasa, Tanga au Kampala bila mtu wa kumpokea, alipokewa na yeye. Wengi walipata kazi kwa sababu alikwenda kwa kafeel, mwajiri anayemdhamini mgeni, akasema, huyu ninamjua. Mimi mwenyewe nimekula pilau ya mkewe Ijumaa nyingi kuliko ninavyostahili, na kama ningekuwa na adabu ningemwombea rehema nikaishia hapa. Leo sina adabu hiyo, na wasomaji wangu wa siku zote wanivumilie.

Miaka michache iliyopita marehemu alipewa kazi ambayo kila fundi huiota. Mwenyeji mmoja wa Al Warqa alikuwa na gari la spoti la zamani, la milango miwili, kijani kama chupa, alilorithi kwa baba yake. Lilikuwa limelala chini ya turubai kwa miaka. Arbab huyo, kama tunavyowaita mabwana wa huku, hakujali sana rangi wala viti. Alichotaka ni sauti. Alisimulia kwamba alipokuwa mtoto alilijua gari la baba yake lingali mbali, na mama yake alianza kupakua chakula kwa kusikia ngurumo ile. Kwa hiyo amri ilikuwa moja: ekzosti isafishwe, itengenezwe, irudi ileile, kuanzia bomba la nyuma hadi lile shina la chuma linalopokea moshi kutoka kwenye injini, ambalo mafundi huliita manifoldi. Kazi ilifanyika palepale kwenye villa, na kila kilichofunguliwa kiliwekwa stoo. Ufunguo wa stoo alikaa nao mlinzi, Mwislamu wa Uganda, mtu mrefu mpole aliyelala kwenye chumba kidogo kando ya geti na kumchemshia fundi chai ya tangawizi.

Siku gari lilipokamilika tulialikwa, nami nilikwenda kwa sababu marehemu alitaka nione. Alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi ikasimama. Wageni wa arbab walijaa uani, kahawa ikazungushwa, turubai likavutwa, na sote tukaguna kwa uzuri wa lile gari. Arbab akaketi, akawasha. Liliunguruma vizuri sana kwa masikio yangu. Yeye aliinamisha kichwa kama anayesikiliza simu yenye kelele, akazima, akawasha tena, akazima. "Hii siyo sauti ya baba yangu," alisema. Akavua ghutra, kile kitambaa chake cha kichwani, akalala kwenye saruji na nguo zake nyeupe, akachungulia chini kwa taa ya simu. Manifoldi iliyokuwa mle haikuwa na mhuri wa kiwanda. Ilikuwa ya gari jingine, imekatwa na kulazimishwa ikae.

Alipoinuka alimtazama fundi wetu, bado bila hasira. Sote tulimtazama. Na fundi wetu, kwa Kiarabu chake cha gereji, akasema: "Wallahi arbab, mimi nimefunga nilichokikuta stoo. Ufunguo anao mlinzi." Basi. Hakusema mtu ameiba. Neno hilo tulilimalizia wenyewe. Mlinzi aliitwa, akasimama mbele ya wageni na kofia yake mkononi. "Mimi sijauza chuma ya mtu," alisema, kisha akamgeukia fundi. "Mzee, sema basi." Fundi alikuwa akifuta mikono kwa kitambaa, mikono iliyokuwa safi tangu asubuhi. Arbab alisubiri kidogo, akasema khalas, yamekwisha, na kabla ya Magharibi yule mtu alikuwa ametolewa getini na begi lake.

Ningependa kuandika kwamba kuna mmoja wetu aliyeuliza swali. Tulichofanya ni kutikisa vichwa. "Waganda hao," alisema mmoja tukiwa njiani kurudi, na hakuna aliyembishia. Sisi tunaotoka pwani tuna ugonjwa mmoja ambao hatuutaji: tunampima mtu uaminifu kwa Kiswahili chake. Anayesema "chuma ya mtu" tunamcheka kwanza, kisha tunamshuku, na anayetamka maneno yakateleza kama samli tunampa ufunguo wa nyumba. Pale uani kulikuwa na watu wawili, mmoja ana lafudhi ya Unguja na kanzu ya pasi, mwingine ana Kiswahili cha kuokoteza na sare ya ulinzi. Kesi ilikwisha kabla haijaanza. Habari ikasambaa kwenye makundi ya simu kwamba kuna mlinzi mwizi, watu wajihadhari naye, na kwa muda mrefu kila kampuni aliyokwenda kuomba kazi alimkuta Mswahili mmoja aliyekwishasikia.

Hatimaye kampuni moja ya ulinzi ilimchukua, na mji huu kwa mizaha yake ukamleta kwenye jengo ninaloishi, Jumeirah Village Circle, wakati huo mitaa yetu ikiwa nusu nyumba na nusu mchanga wenye winchi. Alinifungulia mlango kila nilipotoka. "Habari ya asubuhi, sir," na mimi, "nzuri." Mara moja marehemu alikuja kunitembelea. Nilimwona kutoka kibarazani anaegesha gari, nikaweka maji ya chai. Hakupanda. Nilipompigia alisema kichwa kimemshika ghafla, yuko njiani kurudi. Niliposhuka nilimkuta mlinzi amesimama nje ya mlango wa kioo, anatazama barabara. "Mzee alikuja," aliniambia. "Ameniona, amerudi." Baada ya hapo marehemu kila mara alitaka tukutane kwake, na mimi nikadhani uzee umeanza kumchosha.

Sasa maziko. Watu walikuwa wengi mno, maana kila aliyepokewa na marehemu alikuja kumsindikiza, na walioshindwa kupata ruhusa kazini walituma salamu. Udongo ulipokwisha kusawazishwa, shemeji yake alisimama akasema maneno yanayosemwa kila mara: ndugu zetu, marehemu ni binadamu, aliyekosewa naye tunaomba amsamehe. Tukajibu kwa pamoja kwamba tumemsamehe, kwa wepesi ule wa watu wanaotaka kutoka juani. Sauti moja ikabaki nyuma. Yule mlinzi alikuwa amekuja na sare yake, viatu mkononi, amesimama pembeni ya watu.

"Mimi nimesamehe mzee," alisema. "Allah amrehemu. Alinipokea airport, alinipa kitanda, hiyo siwezi kusahau. Lakini hiyo chuma alitoka nayo yeye, ndani ya gunia, mimi nikamfungulia geti. Alisema anapeleka kuchomelea. Nilingoja aseme mwenyewe, kwa sababu kwetu huwezi kumwambia mzee mbele ya watu kwamba anadanganya. Sasa hawezi kusema. Watu wa gereji wako hapa. Semeni nyinyi kwamba mimi sikuiba."

Nilitazama watu wa gereji. Kila mmoja alikuwa anaangalia viatu vyake. Shemeji akakohoa, akasema kwa sauti ya chini, "Ndugu yangu, marehemu hasemwi," akainua mikono akaanza dua, na sote tukaitikia amin. Mimi pia. Nilipofungua macho mlinzi alikuwa amekwisha kuvaa viatu, anaondoka kuwahi zamu.

Matangani, tukinawa mikono, nilimshika Mkenya mmoja anayechomelea pale gereji nikamuuliza. Hakuzunguka. "Kaka, hiyo kitu sisi sote tulijua," alisema. Akaeleza. Bolti za manifoldi zilikuwa zimeshikana kwa kutu ya miaka. Zilitaka kulowekwa mafuta, zipashwe moto polepole, ziachwe, zirudiwe. Lakini Idi ilikuwa inakaribia, arbab anauliza kila siku inshallah lini, na mzee hakutaka kusema bado. Akachomeka bomba refu kwenye spana, akavuta, chuma kikapasuka. Alikileta gereji ndani ya gunia, wakajaribu kukichomelea, ufa ukazidi. Kile chuma cha zamani hakina mchezo. "Tukamwambia, mzee, mpigie arbab, mwambie tu imepasuka, ni ajali. Akasema atampigia. Kesho yake akaenda Sharjah kwa mafundi wa vyuma chakavu akarudi na ingine." Nikamuuliza kwa nini walinyamaza baada ya mtu kufukuzwa. Alinitazama kana kwamba nimeuliza swali la mtoto. "Yeye ndiye alitusemea kwa kafeel sisi wote. Ungeanzia wapi?"

Wale waliojifunza kazi kwa marehemu watakumbuka alichowaambia walipoharibu kitu: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Alikisema kwa upole, akawaonyesha upya, wala hakuwasema kwa bosi. Alikuwa na huruma kwa kosa la kila mtu isipokuwa lake mwenyewe. Nimelifikiria sana hili. Sifa tulizompa, ustadhi huyu, mzee wetu, fundi asiyekosea, zilimfanya asiwe na mahali pa kukosea. Sisi wageni katika miji ya watu tunahitaji mno mtu mmoja wa kujivunia, tunamweka juu, na akiwa huko juu hawezi kushuka hata kusema kwamba bolti imemshinda. Sisemi hivyo kumtetea. Mtu mzima alisimama uani, akamwona mwenzake anatolewa na begi, akaendelea kufuta mikono safi. Nampenda na namwonea haya, vyote kwa pamoja, na sijui nitaviweka wapi.

Niliporudi nyumbani mlinzi aliinuka kunifungulia mlango kama kawaida. Nilimwambia nimezungumza na watu wa gereji na kwamba wawili kati yao wamekubali kwenda nami Al Warqa kumweleza arbab. Hakufurahi nilivyotarajia. Akauliza, "Na gazetini utaandika?" Nikamwambia safu hii haitaji majina ya watu. "Hata jina la mwizi hawakulitaja," alisema. "Walisema tu mlinzi wa Al Warqa, na kila mtu alinijua."

Wapo watakaonipigia simu kuniambia nimemvua nguo maiti. Naheshimu mila yetu ya kuwastahi waliotangulia, na nitaendelea kumwombea marehemu kila ninapoomba. Lakini nimejifunza kwamba mila hiyo tunaipenda pia kwa sababu ni nyepesi. Kumsamehe aliyezikwa ni neno moja, linasemwa kwa pamoja, hakuna anayetutazama usoni. Kumshuhudia aliye hai kunataka mtu mmoja atoke kwenye safu ya watu na kufungua kinywa peke yake, na siku ile, katika umati wote ule uliolelewa kwa wema wa marehemu, hatukupata hata mmoja. Yeye ana Mola wake wa kumsitiri. Huyu alikuwa na sisi tu. Basi naandika hapa, uso ukiniwaka, lile tulilotakiwa kulisema makaburini: mlinzi wa Al Warqa hakuiba.