Shati Jeupe la Imaut

Pwani ya Viru, nchi ya wapagani huko kaskazini, ilikuwa na bahati ya ajabu: mataifa mawili yalichinjana ili yaiokoe. Wakristo wa mji wa Riga walitaka kuipeleka peponi kwa mkono wao, Wadenmaki kwa mkono wao, na waliokuwa wakiokolewa hakuna aliyewauliza.

Lemmi, mpika pombe ya shayiri, aliokolewa mara ya kwanza theluji ilipoyeyuka. Padri wa Riga alikizamisha kijiji kizima mtoni kabla ya chakula cha mchana, akamvika Imaut, mumewe Lemmi na mzee wa kijiji, shati jeupe la kitani, alama ya ubatizo wa Riga, kisha huyoo, mbio kijiji cha pili asije akatanguliwa. Jioni ile Lemmi akawasha moto kwenye bafu la mvuke, akamsugua mumewe na kumchapa kwa kicha cha matawi mpaka ubatizo wote ukamtoka. Kila mke alifanya hivyo. Kilichobaki ni shati.

Wadenmaki hawakuwa na mapadri wa kutosha, wakatuma ndoo ya maji matakatifu: mjinyunyizie wenyewe. Wakajinyunyizia. Siku chache baadaye habari zikaja kwamba jemadari wao anapita kukagua, na huko jirani amemnyonga mzee mmoja kwa kosa la kubatizwa na Riga.

"Vua hilo shati nilichome," Lemmi akasema.

"Nipokee wageni nimevaa gunia? Una wivu tu, mke wangu. Huoni nilivyopendeza?"

"Naona. Na jemadari ataona."

"Na aone! Ajue kijiji hiki kina mwenyewe."

Sikio la kufa halisikii dawa. Jemadari alilitambua shati la Riga hata kabla hajashuka kwenye farasi.

"Bwana, huyu hana ubatizo!" Lemmi akang'ang'ania hatamu. "Niliutoa mwenyewe, kwa mikono hii!"

"Ubatizo hautoki, mama."

"Sasa kama ule wa Riga haukutoka, huu wenu ulikaa wapi?"

Jemadari alifikiri kidogo, maana swali lilikuwa zuri. Kisha akaamuru Imaut anyongwe.

Lemmi alilia mpaka sauti ikamkauka. Alimpenda yule mpumbavu, maringo yake na yote.

Majani yalipoanza kupukutika, Riga wakarudi. Padri yuleyule, akiwa kwenye kikombe cha tatu cha pombe ya Lemmi, akamwita Imaut shahidi, akaomba shati lake likatunzwe kanisani.

"Si lile pale," Lemmi akasema, akionyesha kitambaa kilichofungwa kwenye mdomo wa pipa. "Ndilo nililochujia hiyo unayokunywa."

Padri akaweka kikombe chini. "Mama! La mtu aliyeifia imani?"

"Imani gani, padri? Alilifia shati." Akageuka ili machozi yasionekane. "Na lilimpendeza kweli."