Alikagua Daftari Kabla ya Nyumba

Juzi huko Biharwe, Uganda, dalali wa nyumba alituzungusha wateja wawili: mimi na mama Mkongomani aliyepata kazi ya kushona mjini Mbarara, anayetaka kuwahamisha watoto wake watatu kutoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Dalali alifungua nyumba ya kwanza, akasifu vigae, akafungulia bomba. Mama hakuingia. Alisimama njiani, wanafunzi wakitoka shule, akamwita msichana mmoja kwa upole.

“Mwanangu, nionyeshe kaye yako ya hesabu.”

“Nyabo, mama yangu, nyumba iko huku!” dalali akalalama.

Mama alifunua daftari ukurasa kwa ukurasa, kidole kikifuata mistari. Hesabu za wiki nzima hazikuwa zimeguswa na kalamu ya mwalimu. Akalirudisha, akashukuru.

“Twende fasi ingine.”

“Lakini hapa iko na vigae!”

“Papa, nyumba ikivuja nitaita fundi. Mwalimu mwenye hasomi kazi ya batoto, nitamuitia fundi gani?”

Katika mtaa wa tatu alikuta daftari la mwanafunzi ambalo kila kosa lilizungushiwa wino mwekundu. Akachukua nyumba iliyo karibu na shule ya hapo, ingawa mabati yake yametoboka.

Ile yenye vigae nilikuwa nimeipenda mimi, na binti yangu anaanza shule mwakani. Nilimwomba dalali anitafutie nyingine inayovuja, mtaa uleule wa tatu.