Nives, Fundi Viti wa Timu ya Menegazzo

Nives Zanella alikulia katikati ya vumbi la sufi na harufu ya gundi, kwa sababu baba yake alikuwa fundi makochi na karakana yake ilikuwa chini ya chumba walicholala. Kijijini kwao, kando ya mto Bacchiglione, mtu akikaribia kumwoza binti yake alimpelekea mzee Zanella viti vya sebuleni avivishe kitambaa kipya, ili wakwe wakija wasikalie springi zilizochomoza. Nives aliijua kazi hiyo kabla hajajua kuzichana nywele zake mwenyewe. Magari hakuwa na habari nayo. Alichopenda ni kumtazama mtu anavyokaa: nani anaegemea upande mmoja, nani anakunja mguu, nani anajifanya ametulia kumbe kiuno kinamuuma.

Magari yaliingia nyumbani kwake pamoja na mume. Renzo Pavan alikuwa makanika wa matrekta, mrefu, mwembamba, mwenye mikono isiyotakata hata siku ya Pasaka. Rafiki yake tangu darasa la kwanza alikuwa Attilio Menegazzo, mtoto wa muuza mashine za kuvunia. Attilio alikuwa mfupi, mnene, msemaji. Angeweza kumuuzia koti mtu aliye bafuni anaoga. Mwaka ule Nives alioolewa, wawili hao walinunua gari kuukuu la mbio, lile la kiti kimoja wanaloanzia vijana, wakaliegesha bandani kwa mzee Menegazzo, katikati ya mashine mbili za kuvunia mahindi. Juu ya mlango Attilio akaandika kwa rangi nyekundu: TIMU YA MENEGAZZO.

"Na Pavan je?" Renzo akauliza.

"Rangi imekwisha, kaka."

Wakacheka wote wawili.

Dereva wao wa kwanza alikuwa Ivano Tessari, mtoto wa muoka mikate wa kijiji. Katika mbio zake za kwanza, kule Varano, alimaliza karibu na mkia, akatoka garini amejikunja kama mzee. Nives alikuwa amekwenda tu kuwapelekea mikate na soseji. Akamfunua Ivano fulana, akakuta mgongo umechubuka mpaka unatoka damu. Kiti kilikuwa cha mwenye gari wa zamani, mtu mwenye tumbo na mabega ya fahali, na Ivano alikuwa mwembamba kama ufagio.

"Nani kamtia mtoto wa watu kwenye ndoo hii?" Nives aliuliza.

Attilio akajikuna kichwa. "Shemeji, hicho ni kiti cha mbio. Siyo kochi."

"Ndiyo maana hamshindi. Kijana anapigana na kiti, hana nguvu za kupigana na wenzake."

Wiki ile alimchukua Ivano mpaka karakana ya baba yake. Akatandika mfuko mkubwa wa plastiki ndani ya gari, akamkalisha Ivano juu yake, miguu kwenye pedali, mikono kwenye usukani, kisha akachanganya dawa mbili za majimaji za kutengenezea povu la magodoro na kuzimimina mfukoni. Povu likaanza kuumuka kama unga uliotiwa hamira, likapanda kiunoni, likamkumbatia mbavu. Ivano akapiga kelele kwamba anaungua.

"Huungui, unapata joto. Tulia hivyo hivyo. Ukijikuna, utakaa na mkuno huo mwaka mzima."

Lilipokauka alilichonga kwa kisu cha sponji, akalizungushia utepe mweusi. Majira yaliyofuata Ivano alishinda, na kijijini mikate ikagawiwa bure siku nzima.

Hivyo ndivyo Nives alivyoingia timuni bila mtu kumwajiri. Miaka ikapita na banda likawa karakana yenye sakafu ya kung'aa. Vijana wakaanza kuja kutoka mbali: Wabrazili, Wafini, Mjapani mmoja aliyependa polenta, ugali wa mahindi wa kule, kuliko wenyeji. Wengi walishinda, wakapanda madaraja ya juu, majina yao yakasomwa magazetini. Lakini kabla ya yote hayo, kila mmoja alipita mikononi mwa Nives. Akishazungukwa na povu, kijana hawezi kuinuka wala kuchezesha mikono, na huyo mwanamke ameketi mbele yake kwenye kigoda akishona. Basi walisema. Mmoja alimwambia kwamba anaogopa mvua. Mwingine kwamba baba yake hampigii simu asiposhinda. Mjapani alisinzia, akakoroma. Nives alisikiliza, hakuyatoa nje. Na kwa kuwa vijana wa umri ule hukua ghafla, ilikuwa kawaida katikati ya majira kumsikia akifoka karakanani, "Wewe, umerefuka tena! Njoo hapa!"

Kilichowagombanisha Renzo na Attilio kilikuwa picha. Timu ilipotwaa ubingwa wa Italia wa Fomula Tatu kwa mara nyingine, mwandishi mmoja alikuja kutoka Milano, akazungumza na Attilio, akampiga picha peke yake na kikombe. Gazeti lilipotoka, Renzo alilisoma akiwa amesimama jikoni.

"Mtu mmoja na ndoto yake," alisoma kwa sauti. "Mtu mmoja! Kwani mimi ni jeki? Ananiingiza chini ya gari, nikishalinyanyua ananitupa pembeni?"

"Mwandishi ndiye aliyeandika, siyo Attilio," Nives alisema.

"Na Attilio hana mdomo? Siku zote mdomo anao, siku ile ulikwenda wapi?"

Renzo alikwenda kumuuliza. Attilio, badala ya kusema samahani, akafanya mzaha, na mzaha ule ukamchoma Renzo kuliko lile gazeti. Walirushiana maneno mbele ya mafundi, na jioni Renzo akarudi nyumbani na sanduku lake la spana. Haukupita mwezi akawa amekodi nyumba ya kuku ng'ambo ya mto, ameiosha, na ndani yake kuna gari moja.

"Utakuja upande wangu?" alimuuliza mkewe.

"Mimi niliolewa na wewe, sikuolewa na gari lako. Kazi yangu iko kwa Menegazzo na vijana wangu wako kule. Hapa mezani tutakula tu."

Ikawa hivyo. Asubuhi mume alivuka daraja, mke akaenda upande wa pili, na jioni wakala bila kutaja gari. Walizungumzia mvua, bei ya mbegu, jirani na mbwa wake. Watu kanisani wakawatania: "Leo nani kampita nani?" Nives alijibu kwamba yeye ndiye wa kwanza, kwa sababu ndiye anayeamka mapema.

Renzo hakuwa na uwezo wa kumpangishia dereva wake hoteli, kwa hiyo Fermín Echarri, Muajentina wa miaka kumi na tisa, akalala chumba cha juu nyumbani kwao. Alikuwa mrefu, mpole, mla sana. Na alikuwa na kasi. Kufikia mwisho wa majira alikuwa akikabana koo na Olli Ruuska, Mfini wa Menegazzo, na ubingwa ukawa unangoja mbio za mwisho, kwenye uwanja wa Vallelunga.

Asubuhi moja Nives alimkuta Fermín ameketi kwenye ngazi, viatu mkononi.

"Unangoja nani akuvishe?"

"Hakuna, mama. Napumzika kidogo."

"Inama nikuone."

Alijaribu kuinama, akauma meno, machozi yakamlenga. Mguu wake wa kulia ulikuwa unakufa ganzi, akasema, hasa kwenye breki. Hakutaka Renzo ajue, kwa sababu kiti Renzo alikitengeneza kwa mikono yake na alikuwa anajivunia.

Nives angeweza kunyamaza. Olli naye alikuwa mtoto wake. Alimtengenezea viti viwili mwaka ule. Alikunywa kahawa yake mpaka ikapoa, kisha akapiga moyo konde, akaenda moja kwa moja kwa Attilio.

"Nataka kumtengenezea kiti kijana wa Renzo."

"Shemeji, umelewa asubuhi yote hii?"

"Anaumia, Attilio. Mguu wa breki unakufa ganzi. Anaweza kupata ajali akafa."

"Basi Renzo amtoe! Au amtafute fundi mwingine, Italia imejaa mafundi. Wewe ni wa kwetu." Akashusha sauti, "Ukimtengenezea, usirudi hapa. Nakwambia ukweli, sikutishi."

"Nimekusikia," Nives alijibu.

Jumapili baada ya misa, Renzo alipokwenda kununua mkate, Nives alimkalisha Fermín kwenye gari la Renzo, lililokuwa limeletwa uani. Renzo alirudi akakuta dereva wake amezama kwenye povu mpaka kwapani, anatabasamu kwa aibu. Alisimama na mkate wake.

"Kiti changu kina nini?"

"Muulize mwenye mgongo."

Fermín akamweleza yote. Renzo hakufoka. Aliweka mkate juu ya tairi, akamzunguka yule kijana mara mbili, kisha akamuuliza Nives, "Attilio anajua?"

"Anajua."

"Basi unga wako umemwagika."

"Umemwagika. Niletee kisu."

Siku ya Vallelunga Nives hakuingia kibanda cha timu yoyote. Alisimama na watazamaji kwenye nyasi, begi kifuani. Olli na Fermín walikimbizana mbio nzima kama wamefungwa kamba moja. Karibu na mwisho Olli alichelewa kushika breki kwenye kona kali, akatoka nje kidogo, na Fermín akapita ndani. Hakupitwa tena. Upande mmoja wa Nives watu walirukaruka. Yeye alikuwa analia, na hakujua analia kwa ajili ya nani.

Olli alimtafuta mwenyewe, bado amevaa ovaroli, nywele zimelowa jasho.

"Mama Nives, watu wananiambia ulimsaidia yule."

"Nilimsaidia, mwanangu."

Kijana akaangalia chini. "Kiti changu kilikuwa kizuri. Breki nilikosea mwenyewe." Akamkumbatia upesi, akaondoka.

Kesho yake Attilio alikuja mlangoni na aproni yake na visu vyake, vimefungwa vizuri kwenye taulo.

"Nilikwambia, shemeji."

"Uliniambia."

Nives akaupokea mzigo.

Mtu angependa kusikia kwamba timu ya Menegazzo iliporomoka baada ya hapo. Haikuporomoka. Viti vilitengenezwa na vijana wa Milano wenye kompyuta, vikawa vizuri tu, na timu ikaendelea kushinda. Aliyeporomoka ni Renzo. Fermín alichukuliwa na timu kubwa, kama ilivyopasa, na nyumba ya kuku haikupata tena dereva wa aina yake. Baada ya majira machache Renzo aliliuza gari, akarudi kwenye matrekta. Nives akarudi kwenye makochi ya wakwe. Alizoea, ila lori lililobeba gari la mbio likipita barabarani, mkono wake ulisimama na sindano hewani.

Kisha Attilio akapata kiharusi. Upande wa kushoto ukalegea, akawa wa kiti cha magurudumu. Binti yake Mara, aliyeshika timu, alikuja kwa Nives hata koti hajavua.

"Shangazi, baba anateleza kwenye kiti kama gunia. Ana vidonda mgongoni. Tumejaribu mito ya kila aina. Hataki nikuite, lakini mimi nimekuja."

Nives akaanza kutafuta mifuko ya plastiki. Renzo, nyuma ya gazeti, akasema, "Mimi siendi."

"Nahitaji mtu wa kumshika mabega akae wima. Mara hana nguvu hizo, na mimi mikono yangu itakuwa kwenye povu."

"Muite jirani."

"Jirani ana mbwa. Vaa viatu."

Walimkalisha Attilio sebuleni kwake. Renzo akasimama nyuma, akamshika mabega kwa mikono miwili, wasionane uso. Povu likaanza kupanda.

"Nani yuko nyuma?" Attilio aliuliza, ulimi mzito.

"Unadhani nani? Mikono ya nani mwingine inanuka dizeli?"

Attilio akajaribu kujitikisa, povu limeshamshika.

"Unanibana."

"Tulia, halijakauka."

Kisha Attilio akasema, "Yule Muajentina wako. Siku ile alipita vizuri."

"Alipita vizuri."

"Nilitaka kuja kukupa mkono. Miguu ikakataa."

"Miguu yako wakati ule ilikuwa mizima, Attilio."

Attilio akaanza kucheka kwa nusu ya mdomo, mwili mzima ukimtetemeka, na Renzo naye akashindwa kujizuia, paji la uso limeangukia kisogo cha rafiki yake, hata haikujulikana kama anacheka au vipi.

"Msicheke!" Nives alipiga kelele. "Mnaniharibia kiti!"

Kiti kilitoka kimepinda kidogo upande wa kulia, akalazimika kukirudia wiki iliyofuata. Vidonda vya Attilio vikapona. Tangu hapo Renzo ndiye aliyemsukuma kwenye viwanja vya mbio, na walibishana njia nzima juu ya matairi, mpaka Mara akawakataza kuingia kibandani pamoja. Attilio aliishi hivyo miaka michache, akafariki mwezi wa pili, kwenye ukungu, na Renzo akawa miongoni mwa waliobeba jeneza.

Majira yalipofunguliwa Mara alimwomba Nives arudi, na yeye akarudi, asubuhi tu. Dereva wa kwanza aliyemkalisha alikuwa msichana, Mpolandi aitwaye Kinga Wrona, mwenye mabega mapana na maswali mengi.

"Litachoma?"

"Litapasha moto. Nyoosha mguu. Usiniangalie mimi, angalia mbele, kama uko barabarani."

Kinga akanyoosha mguu. Povu lilipomfikia mbavuni alivuta pumzi, akaanza kusimulia habari za dada yake, na Nives akasogeza kigoda karibu.