Pumzi ya Tatu

Mimi shule niliachia darasa la tatu, mnivumilie. Lakini kuhesabu hadi tatu najua, na ndiyo sababu haya yananiuma.

Nilikuwa nikivua na vijana wawili ziwani Naivasha, upande wa Ndabibi. Mmoja mfupi, mwingine mrefu, wa kutoka Lanet. Huyo mrefu alikuwa na haraka, uji ulimchoma ulimi kila asubuhi. Niliwafundisha jambo moja. Kiboko akizama, usiguse wavu. Ngoja apumue mara tatu, kila mara mbali zaidi. Kama ya tatu hujaisikia, hujui alipo.

"Na tukingoja mpaka Krismasi, mzee?" mrefu aliniuliza.

"Utakula Krismasi ukiwa na miguu yote miwili."

Polepole akajifunza, tena vizuri kuliko mwenzake.

Ziwa lilikuwa limepanda likameza mashamba. Hapo tulipovua zamani palikuwa na viazi vya shemeji yangu, mtu mchoyo sana, lakini tumwache. Seng'enge yake bado imesimama chini ya maji, vichwa vya nguzo tu vikichomoza. Asubuhi moja wavu ukanasa hapo. Lazima mtu ashuke, maji ya kifua.

Kiboko akapumua karibu na magugu. Tukangoja. Akapumua tena, mbali kidogo. Tukangoja. Kimya. Ndege waliokuwa juu ya nguzo wakaruka wote mara moja, na mimi niliwaona.

Sasa niseme ukweli. Nilikuwa nimebanwa na mkojo, nikitaka tumalize nifike ufukoni, na sikutaka kukojoa nikitetemeka mbele ya vijana. Ni hiyo tu.

"Ameenda," nikasema. "Shuka."

"Mzee, bado moja," mrefu akasema.

"Umekuwa mama yangu? Mwanaume mzima anaogopa maji!"

Mfupi akacheka. Nafikiri ni kile kicheko. Mrefu akavua shati, akashuka.

Alikuwa ameshika seng'enge pumzi ya tatu ilipotoka, kati yake na mashua. Niliona masikio, kisha macho. Mkojo ukatoka wenyewe. Kijana hakupiga kelele, alisimama tu, midomo ikitembea. Kiboko akazama.

Moja, karibu. Mbili.

"Kuja!" mfupi akamwita. Hakuja. Mimi kasia mkononi, nimeganda. Ya tatu ikatoka mbali, kwenye matete, ndipo akarudi na wavu wetu.

Kesho yake hakuja. Siku hizi anachoma nyama Kikopey. Nilipita huko mwezi jana, njaa ikiniuma, nikamwambia aharakishe. Akageuza mbavu taratibu bila kuniangalia.

"Bado, mzee."

Mashuani nimebaki na yule aliyecheka. Jana kiboko alizama karibu nasi, nikamsikia akihesabu. Alifika mbili, akaanza kuvuta wavu. Nami sikuwa na mdomo wa kumkataza.