Mvua Iliyomhukumu Mwaja

Nilikuwa na miaka tisa, mwaka ule mitumba ilipoanza kuuzwa gulioni kwetu, na mvua ikatuchungulia mara moja tu ikaondoka. Uwele ukakauka ukiwa magotini. Kwetu Ugogoni jambo hilo lilikuwa na jibu lake: kuna msichana ametoa mimba akaifukia kwa siri, ardhi imechukia, na mvua hainyeshi mpaka ifukuliwe.

Bibi yangu akawakusanya wanawake, wakaanza kuulizana. Nami, jamani, nilikuwa na siri. Nilimwona dada Mwaja, binti wa baba mkubwa, mwanafunzi wa darasa la saba, akifukia kitambaa chenye damu nyuma ya zizi.

"Mimi nimeona!" nikasema. Hakuna aliyenilazimisha. Nilitaka tu wakubwa wanitazame.

Wakafukua. Kilikuwa kitambaa tu, kipande cha khanga kuukuu. Mwaja akapiga magoti.

"Bibi, ni siku zangu. Naapa kwa Mungu, ni siku zangu tu."

"Nyamaza," Bibi akamwambia. "Mvua ndiyo itakayosema."

Na mvua, bila haya, ikanyesha siku ya tatu. Nani angemtetea tena? Shuleni wakamfuta, baba mkubwa akamfukuza nyumbani. Mimi nikachinjiwa kuku. Paja nililila nimekaa mlangoni, Mwaja ananipita na kifurushi cha nguo zake, na lilikuwa tamu.

Nilipovunja ungo, mama alinifundisha la kufanya na vitambaa: nivifukie, mtu asione. Nililia siku ile mpaka akadhani tumbo linaniuma.

Sasa nafanya kazi ya ofisi Dodoma mjini. Wenzangu wakibishana kuhusu vidonge vya dharura na sheria ya kutoa mimba, hunigeukia: "Mama Neema, mbona kimya?" Husema sina maoni. Uongo mtupu. Miaka mingi nilijilaumu kwamba nilimponza asiye na hatia, kana kwamba angekuwa nayo ningekuwa nimetenda vyema. Haya, tuseme kweli alitoa. Mtoto wa darasa la saba! Kuna aliyeuliza nani kampa mimba? Kuna aliyeuliza kama anaumwa? Hakuna hata mmoja. Tulitaka mvua.

Mwaja yuko hapa hapa mjini, anauza karanga Majengo. Naijua meza yake ilipo. Nikikaribia kona ile, nazunguka.