Niliandika Siri ya Kocha, na Kocha ni Mume Wangu

Nimekosa. Nasema hivyo mapema ili usipoteze wakati ukitafuta wa kulaumiwa. Ni mimi.

Naishi Kitale. Nina cherehani karibu na soko, nashona sare za shule na nguo za harusi. Mume wangu anafundisha ufundi wa umeme katika chuo kimoja hapa, na kwa miaka sita alikuwa pia kocha wa timu ya mpira ya chuo hicho. Jina lake silitaji. Watu humwita Mwalimu, na mimi nitamwita hivyo.

Kwa mpira mimi ndiye mgonjwa kuliko yeye. Nililelewa Saboti na kaka wanne, na hakuna hata mmoja aliyenishinda kupiga mpira wa makaratasi. Kila Jumamosi nilifunga kazi mapema, nikaenda kukaa kwenye nyasi na mashabiki. Wengi hawakujua mimi ni bibi ya kocha, na sikuwaambia.

Shida ilikuwa namna timu ilivyocheza. Tangu dakika ya kwanza mpaka filimbi ya mwisho, wachezaji kumi walijazana mbele ya goli lao. Wakipata mpira wanaubutua mbali, wapinzani wanaurudisha, wanaubutua tena. Tulitoka sare tasa mara tano mfululizo. Mshambulizi wetu, kijana mwenye mbio sana, alikuwa anakaba kona kama beki. Mashabiki wakaanza kusema kocha ni mwoga, ati anafundisha watu kujificha. Mara ya kwanza nilinyamaza. Mara ya tatu nilizomea pamoja nao.

Nyumbani nilimwambia awaache vijana watoke, wawabane wapinzani huko kwao. Alinisikiliza akila ugali wake, kisha akasema mabeki wake ni wazito, tukifungua uwanja tutafungwa nyingi. Neno lake lilikuwa hilo kila siku. Nyingi.

Halafu kuna Jumapili moja tulitoka kanisani, tukakaa nyuma ya nyumba kupukuchua mahindi. Bila mimi kumuuliza, akanisimulia. Alipokuwa kijana kwao Bumula alikuwa kipa wa timu ya kijiji. Walienda kucheza Chwele siku ya soko, watu wamejaa, na baba yake alikuja na baiskeli kumwona akicheza kwa mara ya kwanza. Walifungwa tisa. Bao la sita lilipoingia, Mwalimu aliinua macho akamwona mzee akigeuza baiskeli yake na kuondoka. Mzee hakuwahi kuitaja siku hiyo, na alikufa bila kuitaja.

"Hii sijawahi kuambia mtu," Mwalimu akasema. "Ni wewe tu."

Nilimwambia pole. Tukaendelea na mahindi.

Mashabiki walikuwa na grupu yao kwenye simu. Nilikuwa ndani kwa laini yangu ya pili, kwa jina la kubuni. Siku moja baada ya sare nyingine walikuwa wanabishana, kwa nini kocha huyu hataki kushambulia. Nilikuwa dukani nimekasirika, namngoja mteja. Nikaandika kwamba anaogopa kwa sababu alikuwa kipa akafungwa tisa kule Chwele, hata babake akachukua baiskeli akaenda zake, na tangu siku hiyo anajificha.

Mteja akaja. Nikampima mabega na kiuno. Niliporudi kwa simu, grupu nzima ilikuwa inacheka. Nilifurahi. Hilo pia nalikiri, kwa sababu kuna siku nimejaribu kujidanganya kwamba sikufurahi.

Jumamosi iliyofuata tulicheza Bungoma. Mashabiki tulisafiri kwa basi la chuo, wachezaji walitangulia. Ilipofika kama dakika ya ishirini, vijana wetu wamejazana golini kama kawaida, mtu nyuma yangu akaita, "Tisa." Wengine wakaitikia. Wakainua vidole tisa juu. Kisha mmoja akaanza kuiga kengele ya baiskeli kwa mdomo, na uwanja upande wetu wote ukashika hiyo kengele.

Mwalimu aligeuka. Alitazama watu kwanza, kama mtu aliyeitwa na hajui nani kamwita. Halafu akaniona mimi katikati yao. Hakukunja uso. Aliniangalia tu, kisha akaenda kukaa kwenye benchi, na mpaka mapumziko hakusimama tena.

Kapteni alikuja kuniambia baadaye kwamba wakati wa mapumziko Mwalimu hakufundisha kitu. Aliwaambia, "Chezeni vile wanataka."

Kipindi cha pili walitoka. Mabeki walipanda, yule mshambulizi akaachwa akimbie. Tulifungwa mbili na tukafunga tatu. Tulishinda. Watu walinikumbatia, mama mmoja akanibeba juu. Nilikuwa sawa kuhusu mpira, bana. Nimelifikiria jambo hilo sana tangu siku hiyo na halijanisaidia kitu.

Alifika nyumbani jua likiwa bado lipo. Akakaa mezani bila kuvua koti.

"Mama, nilimwambia mtu mmoja tu."

"Najua."

"Kwa hivyo ni wewe."

"Ni mimi, Baba."

Akauliza, "Ulikuwa umenikasirikia?"

"Nilikasirikia mpira," nikasema. Ndilo jibu lililokuja.

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa, akauliza kama kuna maji ya kuoga.

Jumatatu alirudisha filimbi na jezi chuoni, akasema amechoka. Kocha mwingine akamaliza msimu. Mimi sijaenda uwanjani tena, na si kwamba nimekatazwa. Nikipita pale nasikia kelele, na ndani yangu hakuna kinachoshtuka.

Nilimwomba msamaha. Nilipiga magoti. Akaniinua, akasema imeisha. Hakunitukana, hakunishtaki kwa wazazi wetu, hakuacha kula chakula changu. Jumamosi sasa huenda Bumula kulima kwa mama yake. Akirudi tunaongea kuhusu mvua, mbolea, na watoto. Kila anachoniambia ni kitu ambacho hata jirani angekisikia.

Mwezi uliopita wifi yangu alinipigia simu. Aliuliza kama dawa mpya za presha zinamfaa Mwalimu, maana zile za kwanza alizopewa Bungoma zilikuwa zinampa kizunguzungu. Nilisema zinamfaa. Sikujua ana presha. Alikuwa ameanza kutibiwa miezi minne nyuma, na tunalala kitanda kimoja.

Jioni nilimuuliza.

"Sikutaka kukusumbua," akasema.

Nilitaka kulia na machozi hayakuja. Nikaenda kuosha vyombo.

Sasa wewe unayesoma, labda una mtu aliyewahi kukuambia jambo ambalo hajamwambia mwingine. Labda siku moja atakuudhi, na utakuwa na haki ya kuudhika. Mwambie machoni kwamba amekosea. Gombana naye, susia chakula ukitaka. Lakini kile alichokuambia usikiguse. Usikiandike kwa jina la kubuni ukidhani hatajua, si anajua alimwambia nani? Mimi nilidhani naandika kuhusu timu. Maneno yenyewe hayakufika hata mistari mitatu.

Leo asubuhi nilimuuliza amelala vipi. Akasema vizuri. Sina njia ya kujua kama ni kweli.